SI KILA MAUMIVU NI UTI, MENGINE NI SITI YA BAISKELI

Leo ni ndefu kidogo, nimeigawa vipande sita. Soma mpaka mwisho, halafu mpe na baba watoto asome.

1.
Mama anapanda baiskeli kwenda shamba, sokoni au kazini. Akirudi, huko chini panawaka moto, mapaja yamechubuka, akienda haja ndogo anasikia kuchoma. Hamwambii mtu. Anapita duka la dawa, anasema "UTI imerudi", anapewa vidonge bila kupimwa mkojo. Wiki inayofuata anapanda tena na maumivu yanarudi. Sasa anaambiwa ana "UTI sugu".

Hakuna aliyemuuliza: mama, unatumia usafiri gani?

Ngozi iliyochubuka ikiguswa na mkojo inachoma, hata kama kwenye kibofu hakuna mdudu hata mmoja. Sisemi UTI haipo. Ipo, na ndiyo maana kuna kipimo. Nasema tusimeze dawa za kuua bakteria kwa kosa la siti. Unamaliza hela, unazoesha bakteria dawa, na siti iko vile vile.

2.
"UTAZOEA." Neno hili silipendi kabisa.

Nililiambiwa na mimi niliponunua baiskeli ya mtumba ya gia, yenye siti nyembamba na ndefu. Siku ya tatu nilishuka nikiwa na ganzi sehemu ambayo hata sikuweza kuitaja mbele ya fundi. Mimi huyu, nesi, ambaye kila siku nawaambia akina mama wafunguke, nilisema tu "siti ni ngumu ngumu". Fundi akacheka: utazoea dada. Nikaiegesha nyumbani miezi miwili, nikarudi kwenye bodaboda.

Sikilizeni. Makalio kuuma kidogo siku za mwanzo ni kawaida, misuli inajifunza. GANZI sio kawaida. Ganzi maana yake mishipa ya fahamu na ya damu imebanwa. Kuchubuka kila safari sio kawaida. Majipu yanayorudi pale pale sio kawaida. Hapo anayetakiwa kubadilika ni siti, sio wewe.

3.
"ONGEZA SPONJI." Huu ndio ushauri wa pili, na unawadanganya wengi kwa sababu unaonekana wa huruma.

Kaa kwenye ngazi ya saruji uone. Utasikia mifupa miwili ya makalio inagusa chini. Mungu aliiweka hiyo ibebe uzito. Sasa ukikalia sponji nene, ile mifupa inazama, sponji linapanda katikati na kubana sehemu laini. Dakika kumi za kwanza raha tupu. Ukifika mbali, ni mateso. Na mvua za kwetu zikishalilowesha, unakalia unyevunyevu njia nzima.

Kwa safari ndefu unahitaji siti yenye UPANA unaokutosha na ugumu wa kiasi. Wanawake wengi mifupa hiyo imeachana kuliko ya wanaume, kwa hiyo siti inayomfaa mume wako inaweza kuwa adhabu kwako.

Jipime hivi. Chukua kipande cha boksi, kiweke kwenye ngazi au benchi gumu, kikalie dakika moja huku umeinua magoti kidogo. Ukinyanyuka utaona mabonyeo mawili. Chukua rula ya mtoto ya shule, pima kutoka katikati ya bonyeo moja hadi katikati ya lingine. Ongeza sentimita 2 au 3. Huo ndio upana wa kuanzia wa sehemu ya nyuma ya siti. Ukipata 13, usinunue siti ya chini ya sentimita 15.

Angalia na unavyokaa. Ukiinama sana mbele, siti nyembamba kidogo inakubali. Ukikaa wima, kama kwenye zile baiskeli za mtumba kutoka Japani zenye kikapu mbele, uzito wote unashuka kwenye makalio, kwa hiyo unahitaji pana zaidi. Ndiyo maana siti ya baiskeli ya mashindano ukiifunga kwenye baiskeli ya sokoni inakuumiza.

4.
Kabla hujatoa hela ya siti mpya, shika spana. Na hapa nawageukia akina baba.

Nyumba nyingi zina baiskeli moja. Baba ameifunga siti kwa urefu wake, mama anaipanda hivyo hivyo. Siti ikiwa juu sana, mama anayumba kiuno kushoto kulia ili miguu ifike, na kila mzunguko wa pedeli ni msuguano. Ikiwa chini sana, miguu haibebi uzito, wote unabaki kwenye siti, na magoti yanalia.

Kipimo ni hiki: kaa, weka KISIGINO kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama. Ukianza safari, unakanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, na goti litabaki limekunjika kidogo. Hapo ni sawa.

Kisha ncha ya mbele ya siti. Ikitazama juu, inakuchoma. Ikitazama chini sana, unateleza mbele na mikono inauma. Anza na siti iliyolala sawa kama meza, halafu shusha ncha kidogo sana kama bado inabana.

Spana ya 13 au 14 mara nyingi inatosha kwa kazi yote hii. Baba, weka alama ya rangi kwenye bomba la siti: yako na ya mkeo. Dakika mbili tu. Kama hizo dakika zinakushinda, usimwambie mkeo amekuwa mvivu wa kupanda baiskeli.

5.
"BAISKELI SIO YA MWANAMKE, INAHARIBU KIZAZI." Hapana. Kizazi kiko ndani ya nyonga, siti haikifikii.

Na maneno haya hayakuanzia kwetu. Miaka ya 1890, wanawake wa Ulaya na Marekani walipoanza kupanda baiskeli kwa wingi, walikuwepo madaktari waliosema siti itawadhuru. Watengenezaji wakaleta siti zilizoachwa nafasi katikati ili sehemu laini isibanwe. Mpaka leo siti zenye tundu katikati zipo madukani. Walibadilisha siti, wanawake wakaendelea kupanda.

6.
Sasa yale ya kwetu wodini.

Umejifungua, uliongezewa njia au ulichanika? Usikalie siti mpaka kidonda kipone na umeangaliwa, hata kama wiki sita zimefika. Wa upasuaji vile vile, uliza kwanza kliniki.

Kwa safari ndefu, tuseme kilomita 60 za Njombe hadi Makambako au hata nusu yake: vaa nguo ya ndani ya pamba isiyo na mshono mnene katikati. Paka mafuta ya mgando kwenye mapaja yanayosuguana. Simama kwenye pedeli kila baada ya dakika chache, damu ipite. Ukifika, vua nguo iliyolowa, nawa kwa maji safi, jikaushe.

Ukiona homa, damu kwenye mkojo, maumivu ya mgongo ubavuni, uchafu wenye harufu, uvimbe unaouma, au ganzi isiyoisha baada ya kupumzika, njoo kituoni upimwe. Na ukifika useme kwamba unapanda baiskeli. Tusipokuuliza, tuambie wewe.

Mimi yangu niliitoa nyumbani. Nilijipima kwa boksi, nikabadilisha siti, nikashusha urefu. Safari hii nilimwambia fundi wazi panapouma. Hakucheka, alichukua spana.

Mama, mwili wako haujakosea. Kesho asubuhi, kabla hujapanda, kagua siti.