Lemera kabla ya Panzi

Hapa Uvira, kijana mwenye diploma ya Leta anayeendesha pikipiki kati ya Kavimvira na Kalundu huulizwa na mjomba wake: "Kazi umepata?" Pikipiki haihesabiwi, wala kuanika ndagala, wala kubadilisha faranga za Burundi, huko ni kujitafutia tu. Swali hilo linachukulia kwamba mtu huujua wito wake kwanza, kisha akautafutia kazi. Nadhani mara nyingi kazi ndiyo hutangulia. Daktari Denis Mukwege alipomaliza masomo Burundi mwaka 1983, alianzia hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi, humu humu teritware ya Uvira. Nia yake ilikuwa kutibu watoto. Lemera ikamwonyesha jambo asilolifuata: akina mama waliofika wakivuja damu baada ya safari ndefu, na waliobaki na majeraha ya uzazi kwa kukosa huduma. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi Lemera mwaka 1989. Oktoba 1996 hospitali ilishambuliwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Hospitali yake ya Panzi ilizaliwa Bukavu mwaka 1999, na tuzo ya Nobel ikaja 2018. Dunia inaijua Panzi. Mahali njia ilipogeukia tunapakumbuka kwa mauaji tu.

Mtu atasema Mukwege alikuwa tayari daktari, mtoto wa mchungaji aliyetamani kutibu tangu utotoni, na kumfananisha na motari ni kumwonea motari. Sawa. Basi tumtazame Lumumba, karani wa posta wa Stanleyville aliyefungwa kwa ajili ya fedha za posta. Alipotoka mwaka 1957 aliajiriwa Léopoldville kutangaza bia ya Polar. Bia na uhuru wapi na wapi? Lakini kuzunguka mitaa na baa kulimkutanisha na watu wa makabila yote, kukamzoesha kusema mbele ya umati, na chama chake cha MNC kilipoundwa Oktoba 1958 hakuwa mgeni tena katika mji ule.

Pingamizi zito zaidi ni hili: wengi huanza na pikipiki na kuzeeka nayo. Hapo sibishi. Ila sikubali kwamba wamekosa akili au bidii. Mukwege alipoona haja, alipata njia ya kwenda kusoma; anayepaswa kumpelekea mwenye pikipiki fedha zake kila jioni hana hata wiki moja ya kujaribu jambo jingine. Anachokiona barabarani kinabaki kichwani mwake. Vivyo hivyo mwanamke anayeanika ndagala Mulongwe: anajua mvua ikinyesha mchana atapoteza kiasi gani, mwezi mpevu utapunguza mavuno kwa siku ngapi, na ni mnunuzi gani wa Bukavu hulipa bila kusumbua. Kwao bado wanamuuliza kama amepata kazi.