Saa mbili za kunyonyesha ziko kwenye sheria

Kumwambia mama aliyetoka uzazi avumilie tu kazini hakutoshi. Mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga, nina mtoto wa miezi minne. Nimerudi kiwandani baada ya zile siku 84 za likizo ya uzazi, na kinachonitesa zaidi ya uchovu ni kunyonyesha. Ikifika saa tano maziwa yamejaa, sare imelowa kifuani, mtoto yuko nyumbani na bibi yake, bajaji ni mwendo mfupi tu. Nikiomba ruhusa msimamizi ananijibu, "Kila mtu hapa ana watoto."

Dada zangu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Si hisani ya mtu. Aliyejifungua pacha ana likizo ya siku 100, kwa malipo.

Kina baba nao wana siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku tatu! Mke amepasuliwa, hata kuinuka kitandani anashikwa mkono, na mume keshaitwa kazini. Hapo sheria yenyewe ibadilishwe.

Ombi liandikeni kwa barua, mbaki na nakala yenye saini ya aliyeipokea. Mkikataliwa, nendeni chama cha wafanyakazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Yangu nimeipeleka Jumatatu, nasubiri jibu.