Kumzar Si Mwisho wa Dunia

Soma karibu makala yoyote ya kitalii kuhusu Kumzar. Kabla hujamaliza aya ya kwanza utaambiwa kwamba hiki ni kijiji kilichotengwa, kilichosahaulika, kilichojificha. Mimi nina swali moja tu: kimejificha kwa nani?

Chukua ramani. Kumzar ipo kwenye ncha ya kaskazini ya rasi ya Musandam, kipande cha Oman kilichokatwa na ardhi ya Umoja wa Falme za Kiarabu kutoka nchi nyingine ya Oman. Mbele ya kijiji kuna Mlango Bahari wa Hormuz, ambao panapobana zaidi una upana wa kilomita 40 hivi. Ng'ambo ni Iran. Katikati hapo, kwa miongo mingi, zimepita meli zinazobeba takriban sehemu ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani. Mlango huo ukitikisika, mwenye bodaboda wa Mbeya na wa Nakuru wote hulisikia tikisiko hilo kwenye bei ya petroli. Na bado tunaambiwa kwamba wanaoishi mlangoni hapo wako mbali na dunia!

Sababu ya kuambiwa hivyo ni kwamba hakuna barabara. Nyuma ya kijiji na ubavuni mwake milima ya mawe ya chokaa imesimama wima. Nyumba zimebanana kwenye mdomo wa korongo, kwa kuwa ardhi tambarare ni kidogo mno. Bamba la Arabia linaposukumwa chini ya lile la Ulaya na Asia, milima hii imekuwa ikididimia polepole, bahari ikaingia mabondeni na kufanya mikono mirefu ya maji. Waarabu huiita khor, nasi neno hilohilo tunalo: hori. Kutoka mji wa Khasab unapanda boti, na safari huchukua saa moja au zaidi, kutegemea chombo chako na hali ya bahari.

Kwa mtu aliyezoea lami, pasipo na barabara hapana njia. Huo ni mtazamo wa dereva, na dereva akiachiwa kuchora ramani ya dunia, visiwa vyote vitakuwa makosa ya uchapaji. Mtu wa Lamu, wa Pate au wa Mafia hahitaji kufundishwa hili. Kwa mvuvi, mlima ndio ukuta na bahari ndiyo uwanja. Mashua za asili za Kumzar, zinazoitwa batil, hupambwa kwa kauri, yale makombe madogo yanayong'aa. Watu hawapambi hivyo kitu ambacho ni usafiri tu. Wakati wa kiangazi kijiji kizima kwa desturi huhamia Khasab kuvuna tende, kisha hurudi kuvua. Watu wanaohama kila mwaka kwa kalenda yao wenyewe wametengwa na nini?

Ushahidi mkubwa zaidi uko vinywani mwao. Kikumzari ni lugha ya jamii ya Kiirani, tawi moja na Kiajemi, ingawa kinazungumzwa upande wa Uarabuni. Kinazungumzwa pia kwenye kisiwa cha Larak, upande wa Iran. Lugha moja imekaa ng'ambo mbili za mlango bahari, tena chini ya bendera mbili. Haiwezekani lugha ikakaa hivyo ikiwa maji ni ukuta. Maji hayo yalikuwa baraza, watu wakivuka kwenda na kurudi.

Hapo huja tusi la pili, lililovishwa nguo za sifa: eti Kikumzari ni “mchanganyiko” wa Kiarabu, Kiajemi, Kireno, Kihindi na hata Kiingereza, kana kwamba kuna mtu aliyeokota maneno ufukweni baada ya meli kuzama. Ni kweli Kiarabu kimeingia ndani sana katika lugha hiyo, hadi kwenye vitenzi. Ni kweli pia kwamba Wareno waliitawala Hormuz kuanzia 1515 hadi 1622. Lakini sisi nasi tunayo meza na gereza kutoka kwa Wareno hao hao, na bandari na nahodha kutoka Uajemi, na hakuna anayesema mama yetu ni Mreno. Tunaozungumza Kiswahili tumeambiwa kwa miaka mingi kwamba lugha yetu ni chotara, nusu Kiarabu, haina kwao. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Basi tusilisambaze tusi lile lile kwa jirani wa bahari moja kwa sababu tu limeandikwa vizuri na kuwekewa picha ya machweo.

Najua nitakachojibiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi Kumzar naijua kwa ramani na vitabu. Mama mwenye uchungu usiku, upepo wa shamal ukiwa umechafua bahari, hahitaji falsafa yangu kuhusu njia za maji. Hoja hiyo ni nzito na siikwepi. Umbali kutoka hospitali kubwa ni umbali wa kweli. Lakini huo ni upungufu wa huduma, na dawa yake ni boti nzuri, gati imara na wauguzi wa kutosha. Ukiuita “kutengwa”, unakuwa umeugeuza upungufu wa huduma kuwa tabia ya kijiji, na dawa inayofuata ni moja tu: wahamishwe.

Hilo ndilo ninalolipigania. Kikumzari kina wasemaji elfu chache tu, na shuleni watoto husoma kwa Kiarabu. Lugha ya namna hii hupata nguvu pale ambapo baba na mwana wako ndani ya mashua moja, wakitaja samaki, upepo na miamba kwa majina ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shule. Wahamishie mjini, uwape nyumba nzuri kando ya lami, na kizazi kimoja au viwili vinatosha kwa majina hayo kukosa wa kuyaita. Hakuna atakayewajibika. Tutasoma tu kwamba lugha ya kale ya kijiji cha mbali “imetoweka”, kama vile ilipanda boti yenyewe.

Kwa hiyo wewe unayesoma jiografia, unayeandika za safari, unayetafsiri za wenzako: ukitaka kuandika “mbali”, andika mbali na nani. Kumzar iko mbali na barabara. Kutoka Hormuz, iko hapo tu mbele.