Kauli na Kalamu

Hapa Buzuruga, jijini Mwanza, ambapo mabasi yaendayo Musoma hupiga honi tangu alfajiri, maneno ya kinywa ndiyo sarafu ya kila siku: mtu hukopeshwa dagaa kwa ahadi, hupangishwa chumba kwa kauli, na zamani hata kiwanja kiliuzwa kwa kunyooshewa kidole upande wa minyaa. Jirani yangu mmoja alifariki na mpaka wa shamba lake ukafa naye, maana mashahidi aliowategemea walikwisha kumtangulia, na wanawe wangali wakihasimiana mpaka leo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mapatano ya kuuziana ardhi yawe katika maandishi; nasi wahenga walikwisha kutuusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini mali niikusudiayo hasa si viwanja. Ng'ambo ya maji yetu, katika kisiwa cha Ukerewe, alizaliwa mwaka 1896 Aniceti Kitereza, ambaye, alipotambua kwamba wazee waliohifadhi mila za Wakerewe vifuani mwao walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, alishika kalamu akaandika kwa Kikerewe kisa cha Myombekere na mkewe Bugonoka, akakitimiza mwaka 1945. Humo utaona jinsi mkwe anavyoamkiwa, jinsi mganga anavyotafuta dawa ya mke aliyekosa mtoto, na jinsi inavyopatikana pombe ya ndizi ambayo mume hutozwa ili arudishiwe mkewe aliyechukuliwa na wazazi. Kitabu kilikosa mchapaji. Ikambidi mwenyewe akifasiri kwa Kiswahili, na kilipotoka Dar es Salaam mwaka 1980, yeye akafariki mwaka uliofuata, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Huzuni ya jambo hilo hainitoki.

Nitajibiwa kwamba wino hauna sauti, wala hauwezi kunyamaza kidogo, kama anyamazavyo bibi penye utamu wa hadithi, watoto wakamsogelea. Nakiri. Walakini mtoto aliyezaliwa Buzuruga mwaka huu hatamkuta Kitereza, na bado ataweza kujua pombe ya ukweni ilikuwaje.

Basi naziomba shule zetu ziwatume wanafunzi wakati wa likizo, kila mmoja na daftari lake, wakakae na babu na bibi zao, Msukuma kwa Kisukuma na Mjita kwa Kijita, waandike majina ya vilima, ya samaki na ya mitishamba, pamoja na tarehe na jina la msemaji. Mtaani kwetu yuko mzee ambaye macho yake yamekwisha kuingia kiza, ilhali kumbukumbu yake ni timamu. Daftari lake nimelianza mwenyewe Jumapili iliyopita, na tumefika ukurasa wa tisa.