Fahali wa Chuma: Gilley's na Hukumu ya Ughushi

Historia ya Gilley's, kilabu cha muziki wa kantri kilichokuwa mjini Pasadena, Texas, imeandikwa kinyumenyume. Aghalabu wahakiki huianzia mwaka 1980, filamu ya Urban Cowboy ilipotolewa, kisha wakakitazama kilabu chenyewe kana kwamba kilikuwa maandalizi tu ya filamu hiyo. Mwanzo huo potovu umezaa hukumu iliyozoeleka mno: kwamba Gilley's kilikuwa jumba la ughushi, ambamo watu wasiomiliki hata ndama mmoja walivaa kofia za wachunga ng'ombe na kumpanda fahali wa mashine.

Hukumu hii haina mashiko. Kabla ya kamera kufika, Gilley's kilikuwa kilabu cha mtaa. Sherwood Cryer, aliyewahi kuwa mchomeleaji wa vyuma, alishirikiana na mwimbaji Mickey Gilley mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kilabu kikapewa jina la mwimbaji huyo. Pasadena ni mji wa viwanda vya kusafishia mafuta na vya kemikali, kando ya mfereji wa meli wa Houston, na wafanyakazi wa viwanda hivyo ndio waliokuwa hadhira ya kilabu. Aaron Latham alipoandika makala yake katika jarida la Esquire mwaka 1978, alikuta jumuiya iliyokwisha kujiwekea kaida za mavazi, dansi na ushindani.

Fahali naye alikuwa wa chuma, hapana shaka. Lakini mtu ashindaye mchana kutwa chini ya amri ya mashine, kisha usiku akalipa ili apande mashine nyingine na kujaribu kuishinda mbele ya wenzake, haigi maisha ya malishoni. Anatoa kauli kuhusu kiwanda. Mhakiki asiyeliona hilo ameisoma kofia, akamwacha aliyeivaa.

Wasomi wa Afrika Mashariki ndio wasiopaswa kabisa kuteleza hapa. Wachezaji wa ngoma ya beni, ambayo Terence Ranger aliichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1975, walivaa sare na kujipa vyeo vya kijeshi bila ya kuwa wanajeshi. Hakuna mhakiki makini awaitaye askari bandia. Uigaji wao husomwa kama usemi juu ya mamlaka na mashindano ya mitaa. Kwa nini basi mfanyakazi wa Pasadena anyimwe usomaji huo huo?

Yamkini itajibiwa kwamba Cryer alikuwa mfanyabiashara, na kwamba fahali alimletea fedha. Ni kweli. Hata hivyo, mwimbaji wa taarabu hutunzwa ukumbini, na hakuna adaiye kwamba tunzo limemwondolea usanii.

Cryer na Gilley waliishia mahakamani. Kilabu kikafungwa mwaka 1989, na mwaka uliofuata kikateketea kwa moto. Filamu ingali inatazamwa. Kwa sababu hiyo mhakiki anayeichukua filamu kuwa historia hafanyi kosa dogo la mbinu, bali anawafuta watendaji na kuwaachia waigizaji nafasi yao. Uhakiki wa fasihi simulizi hauna budi kuanza na hadhira iliyokuwa ukumbini, na kazi iliyotoka kufanya kabla ya kuingia humo.