TURU AMA KISU? KWA BAKULI, VYOTE VIWILI



Kwa ukurasa huu tumezoea kubishana juu ya mpira na juu ya tabia ya vijana. Leo ninataka tubishane juu ya bakuli la mbao. Musicheke. Hapa Kisangani mbao inapita mbele ya macho yetu kila siku, kwa mto na kwa barabara, na mafundi wa viti na vitanda wanatupa vipande vizuri kwa rundo la kuni. Kipande cha afromozia chenye upana wa sentimita 25 kinapikisha sombe mara moja, halafu kwisha. Ni mti uleule ambao tangu mwaka 1992 mataifa wameuandika kwa orodha ya miti ambayo haiwezi kuvuka mpaka bila ruhusa. Kwa wengine ni mali ya kulinda, kwetu ni kuni.

Mabishano yenyewe ni haya. Kwa ateli wengine wanasema: bakuli lililotoka kwa turu ni kazi ya mashine tu, fundi wa kweli anachonga kwa mkono sawa wazee. Wengine wanajibu: kuchonga ni kupoteza wakati, tujifunze turu, visu vibaki ndani ya sanduku. Mimi ninapinga wote wawili, na wa pili ninawapinga zaidi.

Tuanze na wazee, maana wengi wanawataja bila kuangalia kazi yao. Ngoma ya mti ya Walokele inatobolewa kupitia mdomo mwembamba, na fundi anapunguza mbao ndani kidogo kidogo mpaka upande mmoja unalia juu na mwingine unalia chini. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyekaa Yakusu, alieleza sauti hizo mbili katika kitabu chake cha mwaka 1949. Hakuna turu inayoweza kazi ile, kwa sababu turu inajua kitu kimoja tu, ni mviringo. Lakini mviringo huo inaujua kweli! Na musifikiri ni kitu kigeni kwa lugha yetu. Neno kukereza lipo kwa Kiswahili tangu zamani, na mafundi wa pwani, Lamu na Unguja, walikereza miguu ya vitanda mbele ya umeme kufika. Watu wa pwani ileile ndio waliochonga milango yenye maua. Hawakuona aibu kushika kazi zote mbili.

Sasa bakuli. Kama mbao ingali mbichi, unaikereza mara ya kwanza lakini unaacha ukuta mnene: bakuli la sentimita 30 linabaki na ukuta wa sentimita 3. Halafu unapaka nta mahali nyuzi za mbao zimekatwa, unaliweka kivulini, na unangoja miezi. Hapo ndipo wengi wanashindwa, juu ya haraka. Mbao ikikauka inapungua kwa kufuata duara za mti karibu mara mbili kuliko kwa kuelekea moyo wa mti, na bakuli lililokuwa mviringo linakuwa sawa yai. Ule unene ulioacha ndio unakuwezesha kulirudisha kwa turu na kulinyoosha.

Mara ya pili ndipo turu inamtumikia mchongaji. Unaacha mshipi wa mbao chini ya mdomo, wenye kutokeza kidogo, na huo ndio shamba la kisu. Mbele ya kulitoa, unagusa penseli huku bakuli linazunguka, unapata mistari miwili ambayo mkono peke yake hauwezi kuipiga. Halafu unagawanya mshipi kwa kompasi, sehemu 12 ama 24, ili urembo ukutane vizuri pale ulipoanzia. Usikate mkia wa chini ambao turu inaushika, mpaka kuchonga kumekwisha. Na karatasi ya msasa isipite kwa mshipi mbele ya kisu! Chembe zake zinabaki ndani ya mbao na kuua makali.

Mchongaji naye ana mtihani wake. Katika bakuli lililotoka kwa ubao, nyuzi zinageuka unapozunguka: mara mbili unakata ubavu wa mbao, mara mbili unakutana na kichwa chake. Anayesukuma kisu upande mmoja tu atapasua urembo. Lazima mkono ugeuke na mbao. Turu haifundishi hiyo, juu yake nguvu ya mashine inaficha ujinga wa mkono.

Kuna hesabu nyingine, nayo ni ya ateli yenyewe. Turu ni moja, wanafunzi ni wengi. Mmoja akikereza, wengine wanasimama mikono kifuani na kusimuliana mambo. Umeme ukikatika, hata yule mmoja anasimama. Lakini mabakuli sita yaliyokwisha kukerezwa yanatosha watu sita kukaa chini ya mwembe na kuchonga mpaka jioni. Wanaotaka visu vibaki ndani ya sanduku watuambie wale wengine watafanya nini.

Juu ya urembo wenyewe, ninaomba tusichore waridi la Ulaya ambalo hatujaliona. Mitego ya Wagenya, ile mikubwa kwa maporomoko, iko na msuko mzuri sana, na msuko ule unakaa vizuri kwa mshipi wa bakuli. Kuna aliyesema ni kazi ngumu. Ndiyo, ni ngumu.

Na mafuta ya ngazi tuyaache kwa chungu: hayakauki, bakuli linanata na kunuka. Nta ya nyuki inatosha. Tena anayekereza mkula ama iroko afunge kitambaa puani, vumbi lake ni baya kwa kifua.

Ninapendekeza hivi: wawili wawili, mmoja wa turu na mmoja wa kisu, halafu wabadilishane kwa bakuli la pili. Chini ya kila bakuli yaandikwe majina mawili. Asiyekubali ajibu kwa ukurasa huu, si kwa dortwari usiku.