Jaji wa kuazima: California wanavyoziba pengo mahakamani

Kesi yako imefika Mahakama ya Juu. Majaji sita wamegawanyika, tatu kwa tatu. Wa saba, mwenye kura ya kuamua, si wa mahakama hiyo. Kaazimwa kwa kesi yako tu.

Huko California, Marekani, hilo linawezekana na ni halali kabisa.

Sheria inasemaje?

Katiba ya jimbo, ibara ya 6, inamtaka Jaji Mkuu aharakishe kesi na kusawazisha mzigo wa majaji. Kwa hiyo anaweza kumpangia jaji yeyote mahakama nyingine kwa muda.

Wa mahakama ya kaunti anaweza kupanda Rufani. Wa Rufani anaweza kupanda Mahakama ya Juu. Kushuka ni habari nyingine: lazima jaji mwenyewe akubali. Mstaafu naye, akiridhia, anapangwa popote.

Sababu zipo. California ina kaunti 58, na nyingine zina majaji wawili tu. Mmoja akiugua, mwingine akijitoa kwa sababu anafahamiana na mshtakiwa, kesi inabaki bila mtu.

Pengo la zaidi ya mwaka

Jaji Kathryn Werdegar alistaafu Agosti 2017. Mrithi wake, Joshua Groban, aliyeteuliwa na Gavana Jerry Brown, alianza kazi Januari 2019. Muda wote huo kiti kilikaliwa kwa zamu na majaji wa Rufani.

Mwaka 2018 ikaja kesi ya Buza, kuhusu polisi kuchukua DNA ya watu waliokamatwa. Matokeo: 4 kwa 3. Jaji wa kuazima alikuwa upande wa wachache. Lakini angehama mmoja tu kati ya wale wanne, kura ya mgeni huyo ndiyo ingekamilisha ushindi wa upande wa pili, kwenye sheria inayogusa jimbo zima.

Tatizo liko wapi?

Majaji wa Mahakama ya Juu wanapigiwa kura na wananchi wa jimbo lote. Wa Rufani wanapigiwa na wilaya zao tu. Maana yake mtu wa San Diego anaweza kuamuliwa na jaji ambaye jina lake hajawahi kuliona kwenye karatasi ya kura.

Kinga ipo: wanaopanda Mahakama ya Juu huchaguliwa kwa zamu ya alfabeti, kwa hiyo Jaji Mkuu hachagui rafiki. Hiyo inazuia upendeleo. Haizuii gavana kuchelewa, maana kazi inaendelea na hakuna anayeumia haraka.

Hata kwa wastaafu, mwaka 2018 iliwekwa kikomo cha siku 1,320 za kupangiwa kazi. Baadhi yao wakaenda mahakamani, wakidai wanabaguliwa kwa umri.

Na kwetu?

Tanzania tunalijua hili kwa sura nyingine: hakimu mkazi akipewa mamlaka ya nyongeza, anasikiliza kesi za Mahakama Kuu, zikiwemo za mauaji. Mahabusu anayesubiri miaka hawezi kulalamika kesi yake ikisogea.

Lakini kuazima ni dawa ya dharura. Kukiwa mazoea, ujue kuna kiti mahali fulani ambacho mwenye kukijaza hana haraka.